Baba akiwa misheni, nani anamshika mtoto shuleni?

Mama mmoja, msomaji wa safu hii, ameniandikia kuhusu mwanawe wa darasa la nne. Mumewe ni askari wa JWTZ. Januari walihama kutoka Songea kuja Dar es Salaam. Nafasi ya kota haikupatikana, wakapanga vyumba viwili uraiani, Gongo la Mboto. Machi mume akaondoka kwenda kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi. Kufikia mwishoni mwa Mei, mtoto ambaye Songea alijulikana kwa upole alikuwa ameitwa ofisini mara tatu kwa kupigana, na daftari lake la hisabati lilikuwa na kurasa nyingi tupu.

Kwa maelezo ya mama, siku ya tatu mwalimu alimwambia mtoto mbele ya wenzake: "Mwambie baba yako aje mwenyewe, tumechoka kuongea na mama." Mtoto hakujibu. Jioni hakula, na asubuhi akasema hataki shule tena.

Mama anauliza: "Nimhamishe shule, au nimwache mpaka azoee?"

Jibu langu ni kwamba asimhamishe kwanza. Mtoto ameshahama mara moja mwaka huu, na akihamishwa tena ataanza upya kutafuta marafiki wakati ule ule anapomtafuta baba yake. Lakini kumwacha tu azoee nako hakutoshi. Katika ujumbe wote wa mama huyu kuna jambo moja sikuliona: hakuna mahali aliposema kwamba shule ilijua baba yuko wapi. Mwalimu alisema neno baya, hilo halina utetezi. Ila inaelekea alidhani anazungumzia baba mzembe asiyehudhuria vikao.

Shule haiwezi kumshika mkono mtoto isiyemjua. Leo tuzungumzie hilo, kwa faida ya mzazi mwanajeshi, mzazi anayebaki nyumbani, na mwalimu aliye na mtoto wa namna hii darasani.

Mizigo wanayobeba watoto hawa

Watoto wengi wa wanajeshi wanakua vizuri tu. Wamezoea nidhamu, wanajua kupokea wageni, wameishi mikoa mitatu minne kabla ya kumaliza msingi. Tusiwafanye wagonjwa. Hata hivyo, kuna mizigo ambayo watoto wengine hawana.

Wa kwanza ni kuhama. Uhamisho wa askari hausubiri muhula uishe. Mtoto anafika shule mpya Mei, makundi ya marafiki yameshajipanga, viti vimeshagawanywa, na mada aliyoachia njiani haifanani na anayoikuta. Tanzania Bara tuna bahati ya kuwa na mtaala mmoja, kwa hiyo kitabu hakibadiliki sana. Kinachobadilika ni mwalimu, lafudhi ya wenzake, na jina la utani alilokuwa nalo kule alikotoka.

Wa pili ni kutokuwepo kwa mzazi. Askari wetu wametumikia Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, Tanzania ilipeleka wanajeshi wake pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Safari ya aina hiyo inaweza kufika mwaka mzima. Kwa mtu mzima, mwaka ni mwaka. Kwa mtoto wa miaka saba, ni sehemu moja ya saba ya maisha yake yote.

Wa tatu ni hofu, na huu hausemwi. Mtoto anasikia redio, anaona simu za watu wazima. Julai 2013 wanajeshi wetu 7 waliuawa Darfur. Desemba 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini. Mtoto ambaye baba yake yuko Kongo hahitaji kuelezwa maana ya habari hizo. Anaona jinsi mama anavyoishika simu.

Juu ya yote hayo kuna ule usemi wa mitaani kwamba mtoto wa mjeda halii. Mtoto anaambiwa ni mwanaume wa nyumba sasa, awe ngangari kama baba yake. Anatii. Hofu haitoki kwa machozi, basi inatoka kwa ngumi uwanjani, kwa kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, kwa kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, au kwa ukimya ambao mwalimu anausifu kuwa ni adabu.

Wala tusidhani anayeondoka ni baba tu. Siku hizi akina mama wanajeshi nao wanakwenda misheni, na mtoto anabaki kwa baba, bibi au mama mdogo. Shule zetu zimezoea kumuuliza mtoto "mama yako yuko wapi?" kwa kila jambo, kuanzia sare iliyochanika hadi kichwa kinachouma. Kwa mtoto huyu swali hilo linaweza kumchoma mara tano kwa wiki.

Kambini na uraiani

Jeshi letu lina shule zake. Makongo na Airwing za Dar es Salaam ni za JWTZ, na Jitegemee ni ya JKT. Zinapokea pia watoto wa raia, lakini katika shule kama hizi, na katika shule za msingi zilizo jirani na kambi, mtoto wa askari si kitu kigeni. Kwenye darasa la watoto sitini huenda kumi na watano wazazi wao ni wanajeshi. Mwalimu anajua vikosi vinaondoka lini. Mtoto akisema "baba kaenda misheni", jirani yake anajibu "hata wangu".

Mtoto anayepotea kirahisi ni yule wa uraiani. Yuko peke yake darasani. Wenzake wanamuuliza kama baba yake ana bunduki, ameua watu wangapi, na kama ni kweli atakufa. Hawana nia mbaya, ni watoto. Lakini hakuna mtu mzima aliye karibu wa kuyapokea maswali hayo, kwa sababu hakuna mtu mzima anayejua.

Wengine walivyofanya

Uingereza walilitambua jambo hili wakaliwekea fedha. Tangu 2011 shule za serikali za England hupewa fedha za ziada kwa kila mwanafunzi ambaye mzazi wake ni mwanajeshi. Walianza na pauni 200 kwa mtoto kwa mwaka, na sasa kiasi hicho kimepita pauni 300. Kilichonivutia zaidi ni makusudi yake. Fedha hizi lengo lake kubwa ni malezi: mtu wa kuongea na mtoto, klabu ya watoto wa wanajeshi, muda wa kumwandikia barua mzazi aliye mbali. Hazitolewi kwa kigezo kwamba mtoto amefeli. Tena shule haipati kitu kama mzazi hajaiambia kwamba yeye ni mwanajeshi kabla ya hesabu ya wanafunzi inayofanyika kila msimu wa vuli. Hata kwao, kila kitu kinaanza na mzazi kusema.

Marekani tatizo lao ni kubwa zaidi, maana kila jimbo lina masharti yake ya elimu. Majimbo yote 50 yameingia katika mkataba wa kuwalinda watoto wa wanajeshi wanaohama. Shule mpya humpokea mtoto kwa nakala ya rekodi aliyonayo mzazi mkononi, wakati rekodi rasmi zinafuatiliwa. Mkataba huo pia unampa mkuu nafasi ya kumruhusu mtoto siku za ziada za kutokuwepo mzazi anapoondoka kwenda vitani, anapokuja likizo, au anapokuwa amerudi karibuni. Mwezi Aprili wanauita mwezi wa mtoto wa mwanajeshi, na shule nyingi huvaa zambarau kwa siku moja.

Kenya wana Moi Forces Academy, ya Nairobi na ya Lanet, Nakuru, zenye uhusiano wa karibu na jeshi lao. Tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011, walimu wengi wa nchi hiyo wamejikuta na mwanafunzi ambaye mzazi wake yuko vitani, hata katika shule zisizo na uhusiano wowote na kambi.

Sisi fedha za namna ya England hatuna. Lakini ukiondoa fedha, mengi katika orodha hiyo yanawezekana hapa hapa, kesho asubuhi.

Kwa mwalimu: mambo sita yasiyo na bajeti

Kwanza, uliza wakati wa kumpokea. Mtoto anapohamia, fomu inauliza jina la mzazi na kazi yake, kisha inaingia kabatini. Ukiona pameandikwa JWTZ, JKT, Polisi au Magereza, muulize mzazi swali moja la ziada: "Kuna mzazi anayesafiri kikazi muda mrefu?" Hutaki kujua kikosi wala nchi. Unataka kujua nani yupo nyumbani jioni.

Pili, mpe mtoto mwenyeji. Chagua mwanafunzi mmoja mwenye utu, amwonyeshe bomba, vyoo, duka la madaftari na mahali pa kukaa wakati wa uji. Wiki mbili tu. Mtoto mgeni anaumia zaidi wakati wa mapumziko kuliko wakati wa kipindi.

Tatu, awepo mtu mzima mmoja. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri na unasihi, ingawa mara nyingi naye ana vipindi thelathini. Si lazima awe yeye. Anaweza kuwa mwalimu wa michezo au matroni. Kinachotakiwa ni mtoto kujua kwamba siku moyo ukiwa mzito anaweza kusimama mlangoni kwa mtu fulani bila kuulizwa kwanza amefanya kosa gani. Dakika tano kila Ijumaa zinatosha kuanzia.

Nne, chunga maneno ya darasani. "Mlete baba yako" iwe "mlete mzazi au mlezi wako". Insha ya "Likizo nilivyokaa na baba yangu" iwe "nilivyokaa na mtu ninayempenda". Mabadiliko haya yanamsaidia pia yatima, mtoto wa mzazi mmoja, na yule ambaye baba yake ni dereva wa malori ya masafa.

Tano, usimfanye maonyesho. Mwalimu mwenye nia njema anaweza kumsimamisha mtoto siku ya mashujaa, darasa limpigie makofi. Muulize kwanza, faraghani. Wapo watakaovimba kwa fahari, na wapo watakaotamani ardhi iwameze. Akikataa, yaishie hapo.

Sita, tofautisha adhabu na dalili. Mtoto aliyebadilika ghafla ndani ya miezi miwili, aliyekuwa anafanya kazi zake na sasa hafanyi, ana sababu. Kanuni za shule zibaki pale pale, kwa sababu mtoto huyu anahitaji sana mahali ambapo mambo hayabadiliki. Akipiga mwenzake, aombe radhi na afidie. Lakini kabla ya fimbo, liulizwe swali: nyumbani kumetokea nini?

Kwa mzazi uliyebaki nyumbani

Najua kwa nini wengi hawasemi. Wameambiwa mambo ya jeshi hayatangazwi, na ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya siri ya kikosi na hali ya mtoto. Mwalimu hana haja na jina la kambi, idadi ya askari wala tarehe ya ndege. Sentensi hii inatosha: "Baba yake amesafiri kikazi tangu Machi, tunamtarajia mwakani. Mtoto anamkumbuka sana. Ukiona amebadilika naomba unipigie mimi." Mwambie mwalimu wa darasa ana kwa ana, wala si kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Na mfundishe mtoto naye sentensi yake fupi ya kujibu wenzake, kwa mfano: "Yuko kazini mbali, atarudi." Mtoto mwenye jibu tayari hapigani.

Kuhusu uhamisho, andaa bahasha ya shule kabla hata barua haijatoka. Weka nakala ya cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula miwili ya mwisho, kadi ya kliniki kwa wadogo, na namba ya PREM ambayo mwanafunzi hupewa anapoandikishwa na ambayo hutumika kumhamisha kutoka shule moja kwenda nyingine. Ongeza daftari moja la kila somo, ili mwalimu mpya aone walifika wapi. Muombe mwalimu anayemwacha aandike nusu ukurasa: mtoto anaweza nini, anapata shida wapi, anafurahia nini. Nusu ukurasa huo una thamani kuliko alama zote.

Kama mtoto yuko darasa la saba au kidato cha nne, ulizia mapema sana. Usajili wa watahiniwa hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, na kuhama baada ya hapo kuna usumbufu. Familia nyingi huamua mtoto amalizie alipo, kwa shangazi au bwenini. Ni uamuzi halali, mradi mtoto ameshirikishwa na anajua atawafuata lini.

Nyumbani, usimpe mtoto cheo cha baba. Kifungua mimba anaweza kuchota maji na kumsaidia mdogo wake kazi za shule, lakini hawezi kuwa mshauri wako saa nne usiku. Hofu yako ipeleke kwa mtu mzima mwenzako, kwa dada, kwa mama mwingine wa kota anayeijua hali hiyo. Na ruhusu machozi. Mwambie: "Hata mimi namkumbuka." Sentensi hiyo haimpunguzii mtoto ujasiri.

Mzazi aliye mbali naye ana kazi ya shule. Mtandao ukiruhusu, asiishie kuuliza "unasoma?" Amuulize jina la rafiki mpya, alama ya imla, nani alifunga goli. Kabla ya kuondoka anaweza kurekodi hadithi fupi kumi kwenye simu ya mama, mtoto asikilize moja moja usiku. Anaweza kusaini daftari la mtoto kurasa za mbele, "Nimeona, baba", ili mtoto akifika ukurasa huo aukute mwandiko.

Habari mbaya ikija

Hapa lazima tuseme wazi. Habari za mashambulio siku hizi zinafika kwenye simu kabla familia haijajulishwa rasmi, na picha zinasambazwa na watu ambao hawajui nani anazitazama. Shule yenye mtoto wa askari aliye misheni ikubaliane mapema na mzazi: kukitokea taarifa, nani atampigia nani? Siku hiyo redio ya ofisi ya walimu izimwe, walimu wasijadili mbele ya wanafunzi, na mtoto asiambiwe lolote na yeyote mpaka mzazi au mlezi afike. Asisikie msiba wake kutoka kwa mwenzake kwenye foleni ya uji.

Ikiwa kweli ni msiba, usimdanganye mtoto kwamba baba amesafiri zaidi. Aambiwe na mtu anayempenda, kwa maneno mepesi na ya kweli. Anaporudi shuleni, darasa liwe limeshaelezwa, ili asihojiwe. Kiti chake kiwe pale pale. Na mwalimu akumbuke kwamba makofi, bendera na salamu za rambirambi huisha ndani ya wiki mbili. Mtoto anaanza kuelewa mwezi wa tatu au wa nne. Huo ndio wakati wa kumsogelea.

Siku anaporudi

Wengi hudhani kurudi ni mwisho wa shida. Mtoto amekua sentimita tano, amezoea amri ya mama, amejifunza kulala bila baba. Baba anarudi na saa yake ya kambini, anataka kila kitu kinyooke. Wiki za mwanzo mtoto anaweza kumkwepa, au kung'ang'ania miguu yake asitake kwenda shule. Yote mawili ni ya kawaida. Shule imruhusu siku moja au mbili za kumpokea mzazi, kwa makubaliano, kazi alizokosa azifidie. Na mzazi aliyerudi, wiki ya kwanza ile, mpeleke mtoto shule kwa mguu. Msalimie mwalimu, mshukuru. Kwa mtoto, kuonekana na baba getini kunajibu maswali yote aliyoulizwa mwaka mzima.

Jirani, nawe usikae pembeni. Kama mwanao ana mwenzake darasani ambaye mzazi wake yuko misheni, mkaribishe Jumamosi, ale na watoto wako. Mfundishe mwanao asiulize habari za kuua na kufa.

Shule zitafunguliwa Julai. Mzazi ambaye mwenzako yuko mbali, siku ya kwanza nenda dakika kumi kabla ya kengele, mtafute mwalimu wa darasa, mwambie ile sentensi moja. Mwalimu, ukiambiwa, andika kwenye daftari lako tarehe anayotarajiwa kurudi huyo mzazi. Mpaka tarehe hiyo, kila Ijumaa, muulize mtoto wiki imekwendaje, kisha nyamaza umsikilize.